Wagombea Wapimwa Mchangani

Inatangazwa kwa Waafrika Mashariki wote waishio Doha, kuanzia kambi za Industrial Area hadi vyumba vya uani vya Al Thumama, kwamba uchaguzi wa mwenyekiti wa Umoja wetu mwaka 2014 ulikuwa huru, wa haki na wa kisayansi. Nasema hivyo nikiwa Katibu wa Kamati ya Kuwapima Wagombea, kamati iliyoteuliwa na mmoja wa wagombea.

Mgombea huyo ni Mheshimiwa Fabian, msimamizi wa walinzi na mwenyekiti wetu kwa miaka sita. Bosi wake aliwahi kumpeleka kwenye vilima vya mchanga vya Sealine, akamzungusha garini mara mbili. Alirudi mtu mwingine kabisa. Akagundua kwamba tatizo la mfanyakazi mgeni si chumba cha watu wanane, wala pasipoti kufungiwa kabatini kwa mwajiri. Tatizo ni kunyimwa burudani ya magari kwenye ardhi ya umma. Hakuna hata mmoja wetu mwenye gari, lakini Kamati ililijadili hilo na kuona halihusiani.

Tukaandaa fomu yenye swali moja la alama mia: una msimamo gani kuhusu magari kupanda vilima? Mheshimiwa alipata tisini na nane. Mbili tulizizuia ili matokeo yaaminike. Aliahidi kwamba akichaguliwa tena, basi tunaloazimwa na kampuni yake kila Ijumaa asubuhi, siku ya mapumziko huku na hata ya ibada za kanisani, litakwenda Sealine tu.

Mpinzani wake, dada Nasimiyu, ni yaya.

"Mimi sina shida na vilima," alisema. "Shida ni hilo basi. Sisi wa kazi za nyumba tunapewa masaa manne tu Ijumaa, na teksi hatuiwezi. Mwenzangu Damaris hajaingia kanisani Mesaimeer tangu Pasaka. Basi lipitie kwetu Al Thumama, litushushe kanisani. Ni hayo tu."

"Na msimamo wako kuhusu vilima?"

"Si nimekuambia, Bwana Katibu? Sina."

Sifuri. Nilimwonea huruma, lakini sayansi haina huruma.

Ikabaki mitihani ya vitendo. Ijumaa iliyofuata basi lilizoa wapiga kura wote, pamoja na akina dada wa Al Thumama, ili akidi itimie. Walipanda wakiwa na nguo za kanisani na Biblia mkononi. Tuliwaambia ibada itafuata. Damaris aliniangalia tu, nami nikaangalia dirishani.

Mheshimiwa alitutangulia na gari la doria la kampuni. Alikuwa amelikagua kwa fomu ya kazini, kipengele kwa kipengele: taa, breki, tairi zimejaa upepo. Alizijaza mpaka zikawa ngumu kama jiwe.

"Hizo toeni upepo kwanza," Nasimiyu alisema tulipofika. "Kila msimu wa baridi familia ya bosi wangu inapiga hema huku, na mimi ndiye nakaa nyuma na watoto. Baba haingii mchangani kabla hajapunguza upepo."

"Dada yangu," Mheshimiwa alijibu, "kupunguza upepo ni kuharibu mali ya kampuni."

Akapanda, nasi wanakamati wanne tukapanda. Gari lilikwenda hatua kama ishirini, likazama mpaka tumboni. Mheshimiwa akakanyaga mafuta, likazama zaidi. Niliandika kwamba mgombea ameonyesha kina.

Wapiga kura walisukuma nusu saa. Viatu vya kanisani vilijaa mchanga. Kisha Haji, dereva wetu wa basi kutoka Unguja, akapiga honi pale barabarani.

"Jamani, swala ya Ijumaa hainingoji mie! Anosukuma asukume, anokwenda Mesaimeer apande."

Katiba yetu, ambayo Mheshimiwa aliiandika mwenyewe, inasema wajumbe watapiga kura kwa kwenda kusimama upande wa mgombea wamtakaye. Watu thelathini na wanne walikwenda upande wa basi, alikosimama Nasimiyu. Damaris ndiye aliyetangulia, viatu mkononi.

"Katibu, wahesabu wangu!" Mheshimiwa alifoka.

Nikahesabu. Tulikuwa watano, naye akiwemo.

Nasimiyu alirudi kidogo, akatuachia chupa mbili za maji na chapati. "Upepo, Mheshimiwa," alisema kwa upole, akapanda basi. Tukawasikia wameanza kuimba kabla halijakata kona. Niliona haya, na nakiri kwamba nilitamani kuwa ndani.

Jua lilipofika utosini, Mheshimiwa alitazama kushoto na kulia, akachuchumaa kwenye tairi ya mbele, akafungua vali. Upepo ukatoka fyuuu, mrefu kama hotuba zake.

"Katibu," alisema bila kunitazama, "hili usiliandike."