Konzi Moja kwa Kila Mstari

Jumapili, 17 Novemba

Dada yangu Hmingi, salamu katika jina la Bwana. Hujambo huko mjini Aizawl? Goti limepoa? Mimi mzima, isipokuwa roho. Ulisema niandike kila siku kama ninavyozungumza, kisha nikutumie daftari. Haya, naanza na aibu.

Watoto wangu wadogo wa shule ya Jumapili wameimba leo mbele ya kanisa. Kuimba ni kusema tu. Walijikuna. Wimbo wa shomoro, beti nne, na hakuna aliyevuka mstari wa pili. Remi, binti wa marehemu Thangpuii, hakufungua mdomo kabisa. Tangu wamzike mama yake mwezi wa saba, hajaimba. Zuali, mwalimu wa darasa la juu, akaniinamia na kuniuliza kwa upole kama watoto wangu wana mafua. Upole wake unachoma.

Mzee Hranga, msimamizi wetu, akaniita pembeni. Wakishindwa tena Jumapili ijayo, darasa anapewa Zuali, mimi nipumzike. Miaka kumi na tisa, Hmingi! Sina watoto wengine zaidi ya hao.

Jumatatu, 18 Novemba

Zuali ana ubao wa do-re-mi na fimbo ya kuonyeshea. Mimi sina. Lakini asubuhi jikoni, nikitenga konzi ya mchele wa kanisa kabla ya kupika, kama kila mama hapa kijijini, wazo likanishukia. Mkono unakumbuka! Mstari mmoja, konzi moja. Imba, chota, mimina. Nilimsifu Mungu mpaka wali ukaungua.

Jumanne, 19 Novemba

Nimewakusanya uani. Duara, beseni la mchele katikati, kikapu cha kanisa kando. Ajabu! Beti mbili bila kosa, na vicheko juu. Remi alichota na kumimina, sauti hakuna, ila midomo ilikuwa inacheza. Nikaangalia pembeni nisimtishe. Nimewaagiza wafanye vivyo hivyo nyumbani, kila wanapoimba.

Alhamisi, 21 Novemba

Akina mama wanaopita nyumba kwa nyumba kukusanya mchele wa kanisa wamerudi migongo imepinda. Hawajapata kuona vikapu vizito hivyo. Mzee Hranga katangaza kwenye kipaza sauti cha kijiji kwamba uamsho umeingia. Nikapiga magoti palepale nilipokuwa nafua.

Ijumaa, 22 Novemba

Si uamsho.

Beti nne, mistari minne minne, konzi kumi na sita. Na watoto wanaimba kutwa! Mama Dinga kaja mlangoni na debe tupu la mchele. Mwanawe kaimba mpaka chini kabisa. Nyuma yake mama wengine watano, na Zuali, ambaye hana mtoto wa umri huo, kaja kutazama tu.

“Dada Rini,” Mama Dinga akasema, “sasa wafundishe na wimbo wa kurudisha.”

Jumamosi, 23 Novemba

Nimekwenda kuungama kwa Mzee Hranga. Alikuwa keshaandika barua ndefu kwa wakubwa wa kanisa kuhusu uamsho. Aliikunja taratibu, akaitia mfukoni, akaomba maji. Mwanzo alishikilia kwamba cha Bwana hakirudi. Nikamwambia Bwana hakupewa na wenye madebe. Mwisho akakubali.

Nikazunguka na gunia mgongoni, ngazi juu ngazi chini, nikiomba radhi kila mlango. Wote walipokea, na wengine walinichungulia kama nimejaza sawasawa. Baba Remi tu ndiye aliyekataa.

“Acha, dada,” akasema. “Juzi nimetoka shamba nikasikia sauti jikoni. Nikadhani mama yake. Acha mchele uende.”

Nimekaa kwenye ngazi nikalia na gunia langu.

Jumapili, 24 Novemba

Mzee Hranga kakataza hata punje moja kuingia kanisani. Watoto wakasimama mikono mitupu. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Wakatazama viganja vyao. Zuali akakohoa. Nikajua basi, darasa limekwenda.

Remi akainama. Akachota hewa, akaimimina, akaimba. Sauti nyembamba, mbichi, ya mama yake kabisa. Dinga akafuata, kisha wote, wakichota hewa, wakimimina, beti zote nne! Baba Remi alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Hata mkono wa Zuali ulicheza magotini, niliuona.

Darasa ni langu. Ila Mzee Hranga ametupa wimbo wa Krismasi wenye mistari ishirini na minne, na kaniapisha mbele ya wazee kwamba sitagusa tena chakula cha mtu. Nimeapa kwa moyo safi.

Hmingi, kuni si chakula. Kila nyumba ina rundo ukutani, na kanisani Desemba ni baridi. Mstari mmoja, ukuni mmoja! Unaonaje? Nijibu upesi, tafadhali, maana Jumanne naanza.