Akimpiga Jini kwa Shoka

Jumamosi, 3 Mei
Mchezo umeenda vibaya. Tulikuwa kwa fundi cherehani kama kawaida, juu ya meza yake ya kukatia. Mashujaa wa wachezaji wanne, fundi akiwemo, ni vifungo vya koti, jini wa pangoni ni rili ya uzi mweusi, na mimi ndiye mwendeshaji: nasimulia pango, natunza sheria, nakalia kiti chenye mto. Miaka mitatu sasa. Tulikubaliana zamani kwamba atakayemuua jini ndiye atakayerithi kiti. Nilikubali kwa sababu jini hauawi. Leo shemeji, mdogo wake mke wangu, kamtwanga mapigo matano ya shoka mfululizo. Jini kabakiwa na nguvu thelathini. Shemeji akauliza ule mto hufuliwa lini. Dharau!

Jumapili, 4 Mei
Dawa imepatikana. Sheria mpya, mstari mmoja: "Mchezaji akimpiga jini kwa shoka, atapoteza nguvu kumi." Shemeji ana nguvu ishirini na tano tu. Mapigo matatu, chali! Mimi ni karani wa stoo, matangazo yote ya stoo naandika mimi, na hakuna aliyewahi kulalamika. Nimemsomea mke wangu. Akauliza nani atapoteza. Nikamwambia mchezaji, nani tena? Akasema haya, akaendelea kupiga pasi.

Jumatatu, 5 Mei
Fundi kaibandika sheria ukutani, kando ya kioo. Wachezaji wote wametia sahihi, shemeji akitangulia. Alikuwa anacheka. Maskini, hajui kinachomsubiri.

Jumatano, 7 Mei
Ujumbe wa shemeji kwenye simu, asubuhi. Ananishukuru kwa zawadi. Anasema kila atakapompiga jini, jini atapoteza nguvu kumi, tena bila kurusha dadu. Imeandikwa. Nimeisoma sheria yangu mara sita. "Atapoteza." Nani? Lugha yetu hii! Jasho limenitoka katikati ya maboksi ya misumari. Mchana nimekimbia kwa fundi, nikaongeza kwa kalamu nyekundu: "yeye mwenyewe." Nilichelewa kurudi kazini. Mkubwa akauliza nilikuwa wapi, nikasema msibani. Hata hivyo, utata umekwisha.

Jumamosi, 10 Mei
Msiba ni wangu. Shemeji kasoma kwa sauti mbele ya wote: jini atapoteza nguvu kumi, yeye mwenyewe, wala si mwingine. Akanishukuru kwa kukazia. Nikapinga. Nikasema mwandishi ndiye anayejua alichokusudia. Fundi, ambaye hupenda haki pale isipomgusa, akataka tupige kura. Nne kwa moja. Hiyo moja ni yangu. Mapigo matatu tu, rili ikadondoka chini ya cherehani. Shemeji akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, akakaa kwenye kiti, akaugeuza mto upande wa pili. Iliniuma. Sikuonyesha, ila nilipofika nyumbani niligundua nimevaa kandambili za fundi. Mke wangu akauliza nani kapoteza. Nikamwambia kichwa kinaniuma.

Jumapili, 11 Mei
Sasa mimi ni kifungo. Cha kijani, tundu moja limevunjika. Ni mchunga mbuzi mwenye nguvu nane. Kanipangia shemeji, ndiye mwendeshaji. Tena nimepewa kigoda kando ya mlango. Lakini kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Nimekaa, nimetafakari, nimeliona kosa langu: kalamu nyekundu. Watu hawaiheshimu. Leo nimeandika sheria mpya kwa wino wa bluu, herufi kubwa: "MCHEZAJI AKIGOMBANA NA MWENDESHAJI, ATAMWACHIA KITI CHAKE." Wazi kama mchana. Jumamosi nikifika tu naanzisha ugomvi. Nimemsomea shemeji kwa simu, amekubali papo hapo. Watu wengine hawafikirii kabla ya kukubali.