Piza ya Mlimani

Jumatatu, tarehe 4
Piza imeungua chini. Kosa si langu. Nilikuwa dirishani namsikiliza msusi wa jirani, mumewe kahama tena. Unaondokaje hapo? Wifi yangu, mwenye mkahawa, alishanionya: piza nyingine ikiharibika narudi kuosha vyombo, oveni anapewa yule kijana wa saladi, Mwenye Cheti. Basi fundi cherehani aliyeiagiza akaja juu, mkaa gani huu. Nikamwambia pole kaka, huo ndio mtindo wa mlimani, kule wanaunguza chini makusudi, baridi kali. Akala yote. Akaomba radhi kwa kutojua.

Jumanne, tarehe 5
Leo katikati mbichi, unga unanata kama gundi. Nikampelekea mwalimu, na kijiko juu. Mtindo wa bondeni, mwalimu. Akaandika kwenye daftari. Mtu kasoma mpaka macho yamechoka, ananiamini mimi niliyeishia darasa la nne.

Jumatano, tarehe 6
Mwenye Cheti kanichongea kwa wifi. Eti kasomea piza zote, nyembamba, nene, za mraba, na hiyo ya mlimani haipo duniani. Nikamjibu mbele ya wateja: mdogo wangu, wewe umesomea tambarare. Watu hoi. Wifi naye kacheka, ila jicho kalikaza.

Alhamisi, tarehe 7
Balaa. Fundi kaja na wakwe wanane, wote wanataka ya mlimani. Na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nimetoa piza imeiva vizuri, unaweza kuiposa. Fundi akaisukuma. Akasema dada, usinitie aibu mbele ya wakwe, hii ya kawaida hata watoto wanakula. Nikairudisha ndani. Nikaapa sibanduki kwenye oveni. Msusi akaita: mume karudi, na mke wa pili. Ningefanyaje? Moshi ukafika barabarani. Mama mkwe katolewa ameshikwa mkono, anakohoa, kilemba upande.

Ijumaa, tarehe 8
Niko kwenye sinki. Oveni anayo Mwenye Cheti. Na anapika nini? Ya mlimani. Anaunguza kwa kuangalia saa, weusi umekaa sawasawa kama rangi ya kucha. Fundi anasema sasa hii ndiyo yenyewe, mimi nilikuwa nababaisha. Naye Mwenye Cheti anawaeleza watu kwamba chuoni waliisoma muhula mzima. Uongo wangu mwenyewe, jamani, kaupigia mhuri.

Jumamosi, tarehe 9
Nimemvizia fundi akinawa mikono. Nikamwambia kaka, unachezewa. Mlimani kwenyewe wanaunguza juu na chini, hii ya chini tu ni ya wahamiaji. Kashtuka, maskini. Kesho analeta ukoo mzima, na anamtaka mpishi anayejua, yaani mimi. Wifi sijamwambia. Atasikia kwa fundi. Mimi si mtu wa maneno.