Stoo Yangu Si Jalala

Jumatano, 4 Julai 1984

Nimekasirika tangu uji wa asubuhi. Mke wangu Scholastika kasema mahindi yanavunwa na stoo haina pa kutia hata debe. Kisa? Vibuyu vyangu, ngozi, waya na katani. Akaviita takataka. Mimi, fundi ambaye Mzungu aliyekuja kutazama wanyama wa kreta alililia kigoda changu mpaka dereva wake akamfuta machozi! Akatisha tena: nisipopunguza, mahindi yanakwenda kwa kaka yake Hilari, Endabash. Hilari akiyapata, Karatu nzima itaambiwa ndiye anayenilisha. Bora nilale nje niyalinde kwa rungu.

Alhamisi, 5 Julai

Nimepunguza. Nimetoa kila kitu uani nichague vya kutupa. Ngozi iliyoliwa na panya: bado ina upande mmoja mzuri. Waya wenye kutu: kutu husuguliwa. Hadi jioni nilikuwa nimetupa sindano isiyo na tundu. Nikaiokota. Scholastika akauliza kama napunguza au naanika. Nikaendelea kugeuza ngozi. Mwanamume hajibu kila kitu.

Akili ikaja: vibuyu viende mnadani. Nimevipaka vanishi nje na ndani, ving'ae kama kiatu cha padri.

Jumamosi, 7 Julai

Nimeshinda. Mama wa Kimasai, Nanyokie, katoka Kakesio kwao, akanusa kibuyu akakunja uso. Nikamweleza hiyo ni dawa ya Ulaya, maziwa yanakaa bila kuharibika hata mvua zirudi. Akasema haya, tutaona. Akachukua vibuyu vyote, akaniachia beberu. Scholastika alipoona stoo imepata nafasi akasema, "Kumbe Baba Cresensia ukitaka unaweza." Maneno gani hayo kwa bingwa? Beberu tumemchinja.

Alhamisi, 12 Julai

Nanyokie karudi na punda wake na vibuyu vyangu. Wamasai kabla ya kutia maziwa husugua kibuyu ndani kwa kijinga cha moto. Hapa kila mtu anajua, hata mimi najua. Nani angekumbuka? Vanishi ikawaka, nyusi zake zikaenda nayo. Akanisogezea uso akasema, "Mzee, hebu zitafute." Akataka beberu wake. Nikamwonyesha ngozi. Kaondoka na mbuzi wa Scholastika, tena mwenye mimba.

Scholastika akataka nivichome vibuyu. Nikakataa. Kibuyu kilichoshinda moto si kibuyu cha mchezo. Nikavirudisha stoo, nikakaa mlangoni na rungu. Hakugombana. Katuma mtu kwa Hilari.

Jumamosi, 14 Julai

Mahindi yamekwenda. Nimeyapeleka mwenyewe kwa mkokoteni wa ng'ombe, Hilari kasimama mlangoni anawaita majirani waje kumsalimu shemeji yake mwenye njaa. Nikamkazia jicho. Kwa jicho hilohilo niliwahi kumgeuza nyati njia. Hilari akacheka.

Stoo yake nyeupe, imefagiliwa. Kasema ametoa takataka zote kupisha mahindi yangu, na akitoka kanisani kesho anazichoma. Nikaenda kuzitazama nyuma ya nyumba. Pembe. Ngozi. Mizinga ya nyuki iliyopasuka kidogo tu. Gunia zima la manyoya ya kondoo! Mtu huyu hana macho, na mkokoteni ulikuwa unarudi mtupu.

Nimevibeba vyote. Stoo imejaa mpaka mlango haufungi. Gunia la manyoya nimeliweka kitandani, upande wa Scholastika. Yeye kahamia jikoni kwa hasira, kwa hiyo nafasi ipo.