Chujio Lililofanya Kazi Vizuri Mno

Kisarawe, Jumatano, 1 Juni 1955

Dresa wa zahanati amesikiliza kifua changu kwa muda mrefu, kisha akanishauri nisishone kanzu mpya mwaka huu. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nimerudi nyumbani kwa kupumzika mara tatu njiani.

Naandika haya kwa sababu hakuna wa kumwambia. Mke wangu Zubeda alifariki mwaka juzi. Watoto hatukujaliwa. Chumbani tupo mimi na samaki wanne, perege wa Mto Ruvu, ndani ya sanduku la kioo aliloniachia bwana shamba Mzungu alipohamishwa. Nilitaka kitu chenye uhai cha kutazama. Lakini maji yamechafuka kiasi kwamba hao wanne nawahesabu kwa kubahatisha.

Sasa dhambi yenyewe. Mwaka 1932 rafiki yangu Mwishehe aliposa Kibaha, kwa Mzee Mwinyijuma. Majibu yakaja kwa barua. Mwishehe alijua kusoma herufi za Kiarabu tu, na barua ilikuwa ya herufi za Kizungu. Karani wa boma nilikuwa mimi. Akaniletea nimsomee. Barua ilisema wamekubali. Mimi nikamsomea kwamba wamekataa.

Mwishehe akanyamaza na aibu yake. Mzee Mwinyijuma alipoona kimya, akaamini kijana amebadili nia. Miezi mitano baadaye nikaposa mimi. Binti alikuwa Zubeda. Mwishehe alikuja harusini, akala pilau, akanipongeza kwa mikono miwili.

Inanipasa kumwomba radhi kabla sijaondoka. Nitamwomba. Kinachohitajika ni mpango mzuri tu.

Ijumaa, 3 Juni

Mpango umepatikana. Mwishehe hapendi kukaa na wagonjwa, lakini alikuwa fundi wa visima maisha yake yote, na akisikia habari ya maji hajizuii. Nikamtuma Mwamini, mpwa wa marehemu mke wangu anayenipikia, akamwambie kwamba Karani anaomba ushauri wa chujio.

Alifika kabla chai haijapoa. Akainama kwenye kioo, akauliza kama ile ni supu na kama imeshatiwa chumvi.

Kisha akaeleza kwa utaratibu. Kitambaa cha kaniki huzuia majani na nzi, uchafu mwembamba unapita. Makumbi ya nazi yanazuia zaidi, ila yanatoa rangi, na yanataka kubadilishwa kila siku. Chungu chenye tundu chini, ukipanga kokoto, mchanga wa mto uliooshwa na mkaa uliopondwa, hicho ndicho chujio la watu wenye akili. Akanitazama kuona kama nimo.

Alikaa mpaka adhana ya magharibi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie. Akaniwahi. Akasema tangu mwezi wa tatu anasoma darasa la watu wazima, barazani pa shule, kila siku baada ya alasiri. Amefika kitabu cha pili. Ana barua moja ya zamani anataka aisome kwa macho yake mwenyewe, aone yule mzee wa Kibaha alimkataa kwa maneno gani.

Nikaanza kukohoa. Mara hii kikohozi kilikuwa cha kweli.

Jumatatu, 6 Juni

Nimebadilisha mpango kidogo. Radhi nitaomba, hilo halina mjadala. Lakini ni vizuri nimwambie mimi kabla barua haijamwambia, na kwa hiyo nahitaji muda.

Nimechagua makumbi ya nazi.

Mwishehe alishangaa. Akauliza kama homa imenipanda kichwani. Nikamjibu kwamba nimelifikiria jambo hili kwa kina. Makumbi yanataka kubadilishwa kila siku, mimi ndoo siwezi kuinua, na Mwamini mchana yupo shambani. Nikamwomba awe anakuja yeye. Saa ngapi? Baada ya alasiri, nikasema. Ndipo mwanga unapoingia vizuri dirishani.

Akakuna kidevu. Akasema darasa halitakimbia.

Alhamisi, 9 Juni

Siku nne mfululizo amekuja. Siku nne mfululizo hakwenda darasani. Maji yamekuwa rangi ya chai ya rangi. Mwishehe anasema nikiongeza sukari samaki watanishukuru. Anasema serikali ilinilipa miaka ishirini na nane, na leo nimeshindwa na ndoo moja ya maji. Jana alimwambia Mwamini amfiche karani, asije akaombwa ushauri na watu wa visima.

Huchuja, hunitukana, hunywa kahawa, hunisimulia visima. Alichimba kimoja Kibuta, akafika futi arobaini pasipo tone, na wenyeji wakamteremshia chakula shimoni kwa kamba, kwa sababu alikataa kutoka kwa aibu. Nilicheka mpaka nikaona nyota. Sijacheka hivyo tangu Zubeda alipofariki.

Nilitaka kumwambia leo. Lakini mtu hawezi kukatiza hadithi ya kisima katikati. Jumamosi.

Jumapili, 12 Juni

Jumamosi ilipita. Alikuja na ndizi.

Leo umefika mzigo kutoka Dar es Salaam, kwa Husseini, mtoto wa ndugu yangu anayefanya kazi reli. Mwezi uliopita nilimlalamikia juu ya maji kwenye barua, bila kufikiri. Sasa ameniletea chujio la dukani. Vyungu viwili vya udongo mweupe, kimoja juu ya kingine, na katikati kitu kama mshumaa wa udongo. Unajaza maji juu, yanadondoka chini yenyewe, meupe kama kioo. Hakuna makumbi wala haja ya mtu wa kusaidia.

Nimelisukuma chini ya kitanda. Nimemwandikia Husseini kwamba linafanya kazi ajabu, na kwamba Mungu amzidishie.

Jumatano, 15 Juni

Mwamini amefagia chini ya kitanda. Kwa miaka miwili hajawahi kufagia chini ya kitanda.

Ilikuwa Jumatatu. Akalivuta, akaniuliza, mjomba, hiki ulikiweka cha mazishi? Nikasema kimekuja kimevunjika. Akakigeuza huku na huku, hakuona ufa, akakijaza. Tangu siku hiyo anateka maji ya samaki asubuhi na jioni na kuyapitisha humo, kwa bidii ya mtu aliyetumwa na maadui zangu.

Leo Mwishehe amekuta maji safi. Alikaa mbele ya kioo, akahesabu. Samaki ni watano. Wa tano sikuwahi kumjua.

Akalisifu chujio kwa haki, kama fundi anavyosifu kazi ya fundi mwenzake. Akapangusa mikono. Akasema basi yeye hapa hana kazi tena, na darasani wenzake wamempita kurasa kumi. Nikamwambia anaweza kukaa tu, bila kazi. Alidhani nasema kwa adabu. Akaaga.

Jumamosi, 18 Juni

Chujio linadondosha. Tone, kimya, tone. Siku nzima hakuna sauti nyingine nyumbani.

Samaki watano wananitazama. Maji yakiwa machafu nilikuwa nadhani hawanioni.

Jumatano, 22 Juni

Mwishehe amekuja na barua.

Karatasi imekatika kwenye mikunjo na imeunganishwa kwa uji wa ngano. Akaketi, akaniomba nimsomee tena, kama zamani, maana macho yake na herufi za kuunganishwa bado hayajapatana.

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Namwandikia Mungu, hivyo sitadanganya humu. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na mtu wa kulisikia alikuwa ameketi hapa, goti kwa goti.

Nikavaa miwani. Nikamsomea kwamba Mzee Mwinyijuma anasikitika, na kwamba binti bado mdogo, na kwamba wamekataa. Yalitoka kwa mpangilio uleule wa mwaka thelathini na mbili. Sikujua kwamba nimeyahifadhi.

Mwishehe akaitikia kwa kichwa. Akaweka kidole kwenye mstari wa tatu, akasoma mwenyewe, silabi kwa silabi, bila haraka. Tu-me-ku-ba-li. Akasema amelisoma neno hilo tangu juzi. Alikuja kusikia mimi nitalisomaje.

Nikasema ni miwani. Akaniuliza miwani nilianza kuvaa lini. Nikasema mwaka wa hamsini.

Hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja tu, kama Zubeda alijua. Nikamwambia hapana, hakujua, na hilo lilikuwa kweli. Akatazama samaki. Akasema ishirini na tatu ni miaka mingi, na yeye mke alipata, na wajukuu anao, na hataki kwenda kaburini na mzigo wangu. Anataka kusikia neno moja kutoka mdomoni mwangu, si zaidi. Siku nitakayomwita kwa neno hilo atakuja, hata mvua ikinyesha. Kwa habari ya maji hatakuja tena.

Akaikunja barua. Mlangoni alisema tubaki salama, mimi na samaki wangu.

Ijumaa, 24 Juni

Kifua kibaya. Dresa amekuja mwenyewe nyumbani, jambo ambalo si dalili nzuri.

Asubuhi nilichukua karatasi. Niliandika kwanza neno lile la radhi. Likakaa vibaya, limeinama upande kama mlevi. Karani wa boma hawezi kupeleka karatasi ya namna ile. Nikaichana.

Kisha nikafikiri kwa utulivu. Mwishehe anasema maji hayamhusu, lakini mtu aliyechimba visima miaka arobaini hawezi kubadilika kwa siku mbili. Mwamini alipotoka, nikang'oa ule mshumaa wa udongo nikauficha ndani ya mto. Nikachota kiganja cha udongo mwekundu uani, nikautia kwa samaki. Nilipumzika mara mbili, lakini nilifika. Kisha nikaandika, kwa herufi kubwa ili asipate taabu: CHUJIO LIMEHARIBIKA. NJOO HARAKA.

Mwamini aliporudi nikampa karatasi aipeleke kwa Mwishehe, na sasa amerudi tena. Anasema Mwishehe aliisoma mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, na wajukuu wakampigia makofi. Kisha akageuza karatasi kutazama kama nyuma pana neno jingine. Hapakuwa na kitu. Akauliza kama samaki wangali hai. Mwamini akasema wapo. Basi akamrudishia karatasi, akaendelea kumenya muhogo wake.

Nadhani udongo ulikuwa mdogo. Kesho, nikiweza kusimama, nitatia viganja viwili.