Malalamiko Kuhusu Meno ya Gedion

Bwana Naibu wa Chifu,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Gichovi, mwenyekiti wa Kamati ya Uzalendo hapa Karurumo. Tuko wanachama watatu, mmoja mgonjwa. Nakuandikia nikiwa na hasira lakini kwa adabu, kumshtaki jirani yangu Wambeti.

1. Usajili wa makurutu ni Jumanne. Wambeti amempeleka mwanawe Gedion kung'olewa meno mawili ya mbele, mazima kabisa, kwa sababu amesikia daktari wa jeshi huhesabu meno na mwenye pengo hurudishwa nyumbani. Nilipomkemea alinijibu kwamba ameshatoa mmoja na huyu ndiye aliyebaki. Kana kwamba taifa lina kazi ya kuhesabu watoto wa mtu.

2. Huyo mmoja ni Mutugi, aliyefia mpakani mwaka jana. Tulimzika vizuri sana: bendera, tarumbeta, na mheshimiwa akahutubia saa nzima. Badala ya kushukuru, Wambeti aliomba jeneza lifunguliwe amwone mtoto wake. Akaambiwa hairuhusiwi. Akaomba tena. Mwishowe akauliza mbele ya wageni Mutugi alikuwa akilinda nini huko. Bwana Naibu, jeshi haliulizwi. Mimi mbuzi wangu humuuliza kila jioni alikokuwa, lakini mbuzi si jeshi.

3. Nchi yetu ni bora kuliko zote duniani. Nasema hivi bila upendeleo, kwani sijawahi kufika nchi nyingine yoyote. Majirani zetu nasikia hata chai hawajui kupika. Watu wa namna hiyo lazima wachungwe kwa bunduki.

4. Ugonjwa unaenea. Mwalimu Eunice amewaambia wanafunzi kwamba mtu anaweza kuipenda nchi yake na bado akaiuliza maswali. Nilitaka kujua amesoma chuo gani, akacheka tu. Njoki wa hoteli naye amekataa kubandika tangazo la usajili.

Kwa hivyo naomba meno ya vijana wote yatangazwe kuwa mali ya serikali, uyahesabu kila mwezi barazani, na anayeumwa na jino aombe kibali. Akina mama wa askari wasilie mpaka mheshimiwa amalize hotuba. Na Gedion achukuliwe hivyo hivyo na pengo lake. Adui hatutamng'ata.

Nisalimie mama watoto, wazee wa baraza, na karani wako ambaye hupoteza barua zangu.

Ni mimi mzalendo wako,
Gichovi

Nyongeza: Siku ile ya maziko gari lilikwama kwenye tope, nasi wanaume wa hapa tukasaidia kubeba jeneza hadi kaburini. Mutugi alikuwa mtu mkubwa. Nimewahi kumwona akibeba gunia la mahindi kwenye kila bega. Jeneza lile lilikuwa jepesi, Bwana Naibu, jepesi mno. Wambeti sijamwambia, nawe usimwambie. Jumanne ukiandika majina ya vijana, mwanangu Ndwiga usimwandike.