Manufaa ya Kulala Chini ya Nyaya

"Idara ya Unyooshaji wa Makazi inayo furaha kuwatangazia wananchi wote wa Kijiji cha Mstarini kwamba, kuanzia leo, hakuna mwananchi anayeumwa kichwa kwa sababu ya nyaya za umeme. Atakayeumwa kichwa ataumwa kwa sababu nyingine. Aidha, nyaya hazivumi."

Tangazo hilo lilisomwa na Ndugu Kulwa, Afisa Unyooshaji, akiwa amesimama juu ya boneti ya Landrova ya serikali, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kunywa chai. Juu ya kichwa chake, kutoka mnara mmoja wa chuma hadi mwingine, zilipita nyaya za umeme wa msongo mkubwa. Ilimbidi apige kelele pale aliposema hazivumi, maana zilikuwa zinavuma na watu wa nyuma hawakumsikia.

Isidhaniwe kwamba kijiji kiliwekwa pale kwa bahati mbaya. Kiliwekwa kwa makusudi na kwa rula. Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, watu wakihamishiwa vijijini, na Kulwa alipewa jukumu la kuwanyoosha Wakwere wa upande wa Vigwaza. Wakwere hao walikuwa wakiishi ndani ya mikorosho, kila mmoja pale babu yake alipotua mafiga, hali iliyowatia kizunguzungu wakubwa wa Idara. Kulwa alitafuta kitu kilichonyooka ili aanzie hapo. Mto ulikuwa umepinda. Barabara ilikuwa imepinda. Hata msikiti, kwa kufuata kibla, ulikuwa umekaa upande. Katika eneo zima, nyaya peke yake ndizo zilizokuwa na nidhamu. Basi akaupitisha mtaa mkuu chini yake, nyumba huku na nyumba huku, na Idara ikampa barua ya pongezi.

Umeme wenyewe haukusimama Mstarini. Ulipita juu kwa haraka zake kwenda Dar es Salaam, na chini yake watu waliwasha koroboi.

Siku za ukungu mvumo ulizidi, nao ulikuwa ukiingia masikioni na kukaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Mtu akishika waya wa kuanikia nguo, mkono ulimcheza. Nywele zilisimama bila kuogopeshwa. Watu walilala wakaamka wamechoka kuliko walivyolala. Idara ilikwisha kulitolea jambo hili ufafanuzi wa kitaalamu, nao ulikuwa: zoeeni.

Tangazo lilipokwisha, Bi Mwaija wa nyumba ya katikati alimfuata Kulwa kwenye gari. Alikuwa mjane, mtu wa makamo, mwenye ulimi.

"Shikamoo, Bi Mwaija."

"Marahaba, mtani. Umeshuka? Nilidhani unatafuta mzigo huko juu uutie begani."

Kulwa alicheka. Yeye alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi na watu wa pwani hii ni watani tangu misafara iliyokuwa ikiteremka Bagamoyo. Mtani hukutukana umekaa kwako, hukwambia babu yako alileta pembe za ndovu akarudi na shanga, hukunyang'anya kofia, yote hayo uso wake mkavu, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako.

"Bibi yangu, ninyi mlikaa mkisubiri nazi ziwaangukie," alijibu. "Sisi tulitembea."

"Mlitembea, ndiyo. Na kupotea pia." Kisha uso wake ukabadilika. "Baba, sasa tuuache utani. Mwanangu Mize ana mimba ya miezi saba. Usingizi hana. Kichwa kinamgonga usiku kucha. Na unajua kwamba ile ya kwanza ilitoka, mwezi uleule mliotuleta hapa."

"Pole sana. Lakini ilitoka kwa nyaya?"

"Sijui. Huenda nyaya, huenda ni kule kubebeshwa vitanda juani. Na wewe hujui. Ndiyo maana nakuomba: niruhusu nimrudishe kule kwenye mikorosho akajifungue. Tukimaliza arobaini tutarudi."

Kulwa alimhurumia kweli, kwa kiasi kinachoruhusiwa. "Nyumba yenu ikibaki tupu, mtaa utakuwa na pengo. Mkurugenzi akipita ataona mdomo usio na jino. Halafu, Bi Mwaija, fikiri kisayansi: umeme unapita juu, Mize analala chini. Hawajuani."

Alijipenda kwa sentensi hiyo, akaicheka. Bi Mwaija hakucheka. Alifunga kanga yake vizuri akaenda zake, na tumboni mwake kulikuwa na hasira ya mama, ambayo Idara haikuwa na fungu lake.

Malalamiko yalipozidi kufika Dar es Salaam, Mkurugenzi wa Unyooshaji aliagiza iundwe Kamati ya Kudumu ya Muda ya Kuchunguza Kisichovuma. Kulwa akateuliwa kuwa mwenyekiti, katibu, na mjumbe wa kuleta viti. Kamati ikitoa taarifa nzuri, aliambiwa, angehamishiwa makao makuu na kupewa nyumba yenye feni. Kulwa aliitamani feni ile kama mtu anavyotamani kuoa.

Jioni ya kuamkia kikao, Bi Mwaija alipita nyumba hadi nyumba akiomba chumvi. Kwake chumvi ilikuwepo. Idara haikulifuatilia jambo hili, kwa kuwa chumvi ni ya idara nyingine.

Kikao kilifanyika katika banda la makuti, palepale mtaani. Kulwa alikuwa amejiandaa kupambana na vilio. Shahidi wa kwanza akawa Bi Mwaija.

"Nyaya hizi," alisema, "Mungu azidumishe."

Kulwa aliinua kichwa. "Unasemaje?"

"Goti langu lilikuwa halikunjiki. Nilikuwa nasali nimekaa kwenye kigoda. Tangu nilale chini ya mvumo, narukuu, nasujudu, nainuka kama msichana. Andika."

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mwinyimvua, akasimama kwa fimbo. Alikuwa mkongwe ambaye meno yake yalikwisha kumuaga siku nyingi.

"Mimi usiku silali."

"Ahaa," alisema Kulwa. "Kwa hiyo una malalamiko."

"Malalamiko sina. Labda aulizwe mke mdogo."

Mke mdogo alijifunika kanga usoni, mabega yakamtikisika. Wengine wote walibaki wakavu kama watu waliokuja kuzika. Akafuata Mtoro, mgema mwenye kipara kilichojulikana hadi Chalinze, akaeleza kwamba nywele zake zimesimama.

"Una nywele, ndugu?" aliuliza Kulwa.

"Huwezi kusimamisha usichonacho. Nazisikia, ziko njiani."

Basi ikawa hivyo mpaka adhuhuri. Mgongo ulipona, kifua kilifunguka, na kuna mzee aliyeacha miwani. Hakuna aliyecheka. Na Kulwa, aliyelelewa na watani, aliyewahi kumwona shangazi yake akilala kifudifudi msibani akidai yeye ndiye maiti halali, alizijua nyuso zile. Alizijua vizuri mno. Kila Mnyamwezi anajua kwamba utani husemwa, ukaishia hapohapo uliposemwa. Hauchukuliwi kwenda nao nyumbani, seuze kuandikwa kwenye kumbukumbu za serikali na kupigwa muhuri.

Lakini aliiona feni ikizunguka. Akaandika yote.

Taarifa ya Manufaa ya Mvumo ilimfikia Mkurugenzi siku ambayo mgongo ulikuwa umemkamata. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye kipara na mke kijana. Utani wa Wakwere na Wanyamwezi hakuujua, na kama angeujua angesema ni mambo ya kishamba. Aliisoma taarifa. Akaufunga mlango, akaisoma tena ile sehemu ya Mzee Mwinyimvua.

Waraka ulishuka Mstarini kabla wiki haijaisha, na Kulwa akapanda tena juu ya boneti.

"Imebainika," alisoma, "kwamba wananchi wa Mstarini wamekuwa wakitumia mvumo wa taifa bila kibali, tena kwa magoti ya kawaida. Manufaa ya aina hii hayawezi kuanzia chini kabla hayajapita juu. Hivyo mtaa mzima unatwaliwa kuwa Makazi ya Mapumziko ya Viongozi. Wananchi watarudi walikotoka, ndani ya mikorosho, ambako hakuna mvumo, wavumilie."

Kilio kilichopigwa siku ile hakijawahi kusikika njia nzima ya Morogoro. Bi Mwaija alijitupa chini. "Mnatuonea sisi wanyonge! Goti langu mtanipa nini?" Alilia hivyo, na kitanda chake kilikuwa kimekwisha kufungwa kamba, kimeegemezwa mlangoni. Mzee Mwinyimvua aliomba serikali ifikirie upya, kwa sauti ndogo sana, akimwomba Mtoro amsaidie kushika upande wa pili wa kabati. Kufika alasiri hapakuwa na kuku aliyebaki. Idara iliusifu utii huo na ikautaja katika mkutano wa mwaka.

Mize alitembea taratibu, mkono kiunoni, mama yake nyuma yake na godoro la sufi kichwani. Usiku ule alilala. Bi Mwaija alikaa macho makusudi, amsikilize mwanawe akikoroma, na machozi ya kweli yalimtoka hapo.

Viongozi walihamia Mstarini kwa zamu ya heshima. Mkurugenzi alichukua nyumba ya katikati, kwa sababu ya goti. Kulwa naye alipata zawadi yake. Kwa kuthamini ugunduzi wake, hakupelekwa makao makuu kwenye feni. Aliteuliwa Mlezi Mkazi wa Mvumo, akapewa nyumba iliyoko pale nyaya zinapolegea na kukaribia ardhi, ambapo manufaa, kwa hesabu za Idara, ni mengi zaidi. Mkewe Ashatu akaja kutoka Tabora, na mtoto wao mchanga mgongoni.

Mtoto alilia tangu siku ya kwanza. Alinyonya akilia, akalala kidogo, akashtuka, akalia. Ashatu aligusa waya wa kuanikia nguo akaruka nyuma na nepi mkononi, akamtazama mumewe. Kulwa alipata kipandauso. Hakuweza kukiita hivyo, kwa sababu alikwisha kutangaza kwamba hakipo.

Asubuhi alikutana na Mkurugenzi mtaani. Macho ya Mkurugenzi yalikuwa mekundu, na vinywele viwili vitatu vya juu ya masikio vilikuwa vimesimama wima.

"Unaonaje, Ndugu Kulwa? Unasikia nafuu?"

"Nafuu kubwa, Ndugu Mkurugenzi. Na wewe?"

"Ajabu! Mgongo kama si wangu." Alijishika kiuno, akauma mdomo. "Mke wangu ndiye aliyerudi mjini. Ana shughuli."

Wakaagana. Kila mmoja alimjua mwenzake kwamba anakufa kwa kukosa usingizi, wala hakuna aliyethubutu kusema. Kusema kungekuwa kukiri kwamba Idara nzima, na mihuri yake, ilitaniwa na bibi mwenye kanga moja. Mkurugenzi akaongeza wiki nyingine ya mapumziko. Wakubwa wenzake waliokuja kupona wakasaini kitabu cha wageni kwamba wamepona, wakaondoka wakiyumba, na kila aliyesaini alizidi kumfungia mlango wa kusema kweli yule aliyemfuata.

Mtoto alipokonda mpaka mbavu zikahesabika, Ashatu alisema, "Baki na cheo chako. Mimi naondoka, hata kama ni kulala njiani."

Kulwa akavaa viatu vyake vya kazi, akawapeleka kwa miguu hadi kwenye mikorosho. Walimkuta Bi Mwaija barazani anapepeta mchele. Ndani ya mlango Mize alikuwa ameketi juu ya mkeka, ubavuni mwake kichanga kimelala fofofo, nzi wanapungwa kwa ukili.

"Shikamoo, Bi Mwaija," alisema Kulwa. "Mtoto halali. Naomba unisaidie, walale hapa yeye na mama yake. Mwanangu atakufa."

Bi Mwaija aliweka ungo chini. Alimtazama mtoto, akamtazama Ashatu, aliyekuwa amesimama kama mtu wa kuegemezwa. Hakuuliza kabila wala cheo. Alinyoosha mikono akampokea yule mtoto, akaingia naye ndani na kumlaza karibu na mjukuu wake. Mtoto alilia kidogo, akasikiliza. Kulikuwa kimya. Akavuta pumzi ndefu, akalala.

Ashatu aliketi chini palepale akaanza kulia. Mize alimsogezea mto.

Kulwa aliinama, akavua kiatu kimoja, akaanza kufungua kamba za cha pili.

"Wewe unakwenda wapi?" aliuliza Bi Mwaija kutoka ndani.

"Na mimi, mama. Hata hapa barazani."

"Hapa ni kwa wananchi. Wewe ni kiongozi. Rudi kwenu ukapumzike."

Kulwa aliinua uso haraka amtazame, akimwomba Mungu uwe ni utani. Bi Mwaija alikuwa amekwisha kumpa mgongo, anamtandikia Ashatu.